ICD-10-CM Browser Tool ya CDC: tumeipima kwa F14.122, ulevi wa kokeini wenye mvurugiko wa hisi

Kitafutio hiki ni cha bure. Hakidai akaunti, hakidai nywila, na kinapatikana icd10cmtool.cdc.gov. Kinatolewa na NCHS, kituo cha takwimu za afya kilicho chini ya CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa ya Marekani. Ndani yake mna ICD-10-CM, yaani kitabu kizima cha misimbo ya magonjwa inayotumika nchini humo tangu tarehe 1 Oktoba 2015: orodha ya misimbo kwa sura, faharasa ya alfabeti, jedwali la dawa na kemikali, jedwali la uvimbe, na faharasa ya visababishi vya nje kama vile ajali na mashambulio. Unachagua mwaka, unaandika neno au msimbo, basi.

Tathmini hii inawahusu Waswahili wanaoweka misimbo kwenye majalada ya hospitali za Marekani, wawe wanaishi huko au wanafanya kwa mbali, pamoja na wanaojiandaa kwa mitihani ya kazi hiyo. Aliye hospitalini Tanzania au Kenya asome zaidi sehemu ya ICD-10 ya WHO huko chini, maana kuna mtego unaomngoja yeye hasa.

Tukikitazama kama kamusi, kitafutio kinastahili alama nne kati ya tano. Tukikitazama kama mwamuzi hakistahili hata moja, na wala hakikuundwa kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba wengi wanakitumia kana kwamba kinaamua. Kokeini yenye mvurugiko wa hisi, yaani kuona, kusikia au kuhisi vitu visivyo vya kweli au vilivyopotoka, ndiyo inayofichua hilo haraka kuliko misimbo mingi, kwa sababu jibu lake linategemea maamuzi mawili ya daktari ambayo kisanduku cha kutafutia hakiyaulizi.

Msimbo wenyewe umejengwaje

F14 ni kokeini peke yake, iwe ya unga au ile ya kuvuta kwa moshi inayoitwa crack. Amfetamini na methamfetamini ziko F15. Miraa pia haina nafasi F14, hata kama mgonjwa "amechangamka" vivyo hivyo.

Tarakimu ya kwanza baada ya nukta inataja namna mtu anavyotumia: 1 ni matumizi mabaya, 2 ni utegemezi, 9 ni matumizi yasiyobainishwa. Tarakimu ya pili ikiwa 2, maana yake mgonjwa amelewa dawa hiyo wakati huu. Ya tatu inaeleza ulevi wenyewe: 0 hauna matatizo, 1 una deliriamu (mkanganyiko wa akili wa ghafla), 2 una mvurugiko wa hisi, 9 haukubainishwa. Namna tatu za matumizi mara hali nne za ulevi zinazaa misimbo kumi na miwili. Inayotuhusu ni mitatu: F14.122, F14.222 na F14.922.

Mtu akishaelewa mpangilio huu hujiona amepata ufunguo wa sura nzima, akaanza kuunganisha tarakimu kichwani bila kufungua kitabu. Hapo anateleza. Bangi ina F12.122 na opioidi zina F11.122, lakini pombe haina F10.122. Kwenye pombe mvurugiko wa hisi umewekwa upande wa arosto (dalili za mtu aliyeacha kutumia), ndiyo maana kuna F10.232. Kokeini ni kinyume chake: arosto yake ni F14.13, F14.23 na F14.93, inaishia tarakimu ya pili na haina tawi la mvurugiko wa hisi. Kwa hiyo mtegemezi wa kokeini aliyeacha siku chache zilizopita, akalala mno na kukosa raha, hawezi kupewa msimbo wenye 22 mwishoni kwa sababu tu aliwahi kuona vitu. Kitafutio kinasaidia sana hapa: ukiandika msimbo usiokuwepo hukuti chochote, na hilo peke yake linaokoa madai mengi ya bima yasirudishwe.

Kutafuta: neno linalokupoteza

Anayeanza huandika neno "hallucinations" pamoja na "cocaine". Neno hilo limo kwenye majina ya F14.151, F14.251 na F14.951. Hiyo ni misimbo ya saikosisi (ugonjwa wa akili wa kupoteza ufahamu wa ukweli) iliyosababishwa na kokeini yenye maruweruwe. Ulevi wenye mvurugiko wa hisi hauna neno hilo katika jina lake. Unaitwa "perceptual disturbance". Ukifuata neno la dalili alilosema mgonjwa utafika mlango wa jirani, nao ni ugonjwa mzito zaidi, unaobaki kwenye rekodi ya mtu kwa miaka.

Njia iliyo salama ni kupitia faharasa ya alfabeti, si kisanduku cha jumla. Ingia "Abuse", shuka hadi "cocaine", kisha "with", kisha "intoxication", kisha "with" tena, hapo utakuta deliriamu na mvurugiko wa hisi vikiwa vimekaa jirani. Fanya hivyo hivyo chini ya "Dependence" na "Use". Matawi yamepangwa kwa vidato, na ukiharakisha utachukua msimbo wa kidato cha juu, yaani F14.129 au F14.229, ambao unasema tu kuna ulevi.

Mtego wa pili umo kwenye faharasa yenyewe. Ukianzia "Intoxication", tawi la dawa lenye ulevi wa ghafla linakuelekeza kwenye "Abuse" pale ambapo utegemezi haukutajwa. Yaani daktari akiandika "amelewa kokeini" bila neno lingine, faharasa inakusukuma kwenye F14.1 kabla hujajiuliza kama kuna ugonjwa wa matumizi au la. Hapo ndipo mweka misimbo mzoefu anaposimama na kulirudia jalada.

Uamuzi wa kwanza: 1, 2 au 9

Madaktari wa akili Marekani hutumia DSM-5-TR, kitabu cha vigezo vya magonjwa ya akili kilichotoka mwaka 2022, na humo hakuna "matumizi mabaya" wala "utegemezi". Kuna ugonjwa mmoja wa matumizi wenye vigezo 11. Ukitimiza 2 au 3 ni mwepesi, 4 au 5 ni wa wastani, 6 na kuendelea ni mkali. Kuhamisha ni hivi: mwepesi unakwenda F14.1, wa wastani na mkali unakwenda F14.2. Kama hakuna ugonjwa wa matumizi, kwa mfano kijana aliyejaribu mara moja kwenye sherehe, ulevi wake unakwenda F14.9.

Mweka misimbo hahesabu vigezo hivyo mwenyewe. Anasoma kilichoandikwa na daktari. Mwongozo rasmi wa kuweka misimbo, sehemu ya I.C.5.b, unaweka ngazi: jalada likitaja matumizi na matumizi mabaya, chukua matumizi mabaya, likitaja lolote kati ya hayo pamoja na utegemezi, chukua utegemezi peke yake. Kitafutio kinaonyesha sababu kwa namna nyingine, maana chini ya F14.1, F14.2 na F14.9 kuna alama ya Excludes1 inayozitenganisha. Haziandikwi pamoja kwa dutu ileile katika ziara ileile. Mtu anayeandika F14.20 kisha akaongeza F14.922 "ili kuonyesha na ulevi" amevunja katazo hilo. Jibu lake ni F14.222, msimbo mmoja unaobeba yote mawili.

F14.9 ina sharti lake pia. Haitumiki kwa sababu tu mgonjwa alikiri kutumia. Lazima daktari awe amehusisha matumizi hayo na hali fulani ya afya ya akili au ya mwili. Ulevi wenye mvurugiko wa hisi unatimiza sharti hilo, ila kipimo cha mkojo peke yake hakitimizi. Benzoylecgonine, mabaki ya kokeini yanayopimwa, kwa kawaida hukaa kwenye mkojo siku 2 hadi 4, wakati ulevi wenyewe hupita ndani ya saa chache. Mtu anaweza kupimwa Jumatatu akaonekana chanya kwa alichovuta Jumamosi, na maruweruwe anayoyaona Jumatatu yakawa yametoka kwingine kabisa. Kokeini ikikutwa kwenye damu bila utambuzi wowote wa daktari, kuna R78.2. Hiyo ni dalili ya maabara tu, haimwiti mtu mlevi.

Uamuzi wa pili: 0, 1, 2 au saikosisi

Hapa ndipo penye uzito wote, na ndipo kitafutio kinaponyamaza kabisa. Kinakupa majina bila vigezo. Vigezo viko kwenye DSM-5-TR, na ni hivi: mvurugiko wa hisi unaandikwa pale mgonjwa anapopata maruweruwe huku akijua kwamba si ya kweli, au anapoona, kusikia au kuhisi kitu kilichopo kwa namna iliyopotoka, na deliriamu haipo.

Chukua maandishi ya namna hii kutoka idara ya dharura: "Mgonjwa anajikuna mikono, anasema anahisi wadudu wakitembea chini ya ngozi. Anasema anajua hawapo, 'ni ile kitu niliyovuta'. Anataja jina lake, tarehe na mahali alipo bila kukosea. Mapigo ya moyo 128, shinikizo la damu 164/98, mboni zimetanuka, anatoka jasho." Mapigo, shinikizo, mboni na jasho vinatosha upande wa mwili, kwani DSM inataka dalili mbili au zaidi kati ya tisa zilizoorodheshwa. Wadudu chini ya ngozi ni maruweruwe ya mguso, ya kawaida sana kwa kokeini. Kujua kwamba hawapo kunampeleka kwenye tarakimu 2. Daktari akiwa ameandika pia ugonjwa mwepesi wa matumizi, msimbo ni F14.122.

Badilisha sentensi moja tu: "Anasisitiza wadudu wapo, amejikwaruza hadi damu, anadai nesi ndiye aliyewaweka." Hapo ufahamu wa ukweli umepotea. Daktari atafikiria saikosisi, na misimbo inahamia F14.15, F14.25 au F14.95. Badilisha nyingine: "Hajui yuko wapi, umakini unakuja na kupotea, dakika kumi zilizopita alikuwa anaongea vizuri." Hiyo ni picha ya deliriamu, yaani F14.121 au F14.221. Tofauti hizi ni za mstari mmoja wa maandishi, lakini zinaamua mambo makubwa: kama mtu atalazwa wodi ya akili, na bima italinganisha gharama na nini.

Majalada mengi yana kosa moja linalojirudia. Nesi wa mapokezi ameandika "anaona vitu", daktari ameandika "ulevi wa kokeini" basi. Maneno ya nesi hayatoshi kuzaa tarakimu 2. Ukiwa na jalada la namna hiyo, tuma swali la ufafanuzi kwa daktari. Swali lenyewe liweke dalili zilizoandikwa, kisha chaguo zote zinazowezekana, mathalani: ulevi wa kokeini usio na matatizo, ulevi wenye mvurugiko wa hisi, ulevi wenye deliriamu, saikosisi iliyosababishwa na kokeini, nyingine, haiwezi kubainishwa. Usiandike "tafadhali thibitisha mvurugiko wa hisi", maana hilo ni kumwekea daktari maneno mdomoni. Na usitaje malipo popote.

Neno "huenda" au "inashukiwa" lina sheria mbili kulingana na mahali. Mgonjwa aliyelazwa, utambuzi uliobaki "unashukiwa" hadi siku ya kuruhusiwa unaandikwa kana kwamba umethibitika. Mgonjwa wa nje, ikiwemo wa idara ya dharura aliyerudi nyumbani, hauandikwi. Unaandika dalili zilizoonekana. Kwa hiyo jalada moja lenye sentensi ileile linaweza kuwa F14.922 kwa aliyelazwa na kuwa misimbo ya dalili tu kwa aliyerudi nyumbani usiku uleule.

Sufuri au tisa?

DSM na ICD-10-CM hazisemi lugha moja mahali pamoja pa kukera. Kwa ulevi wa kokeini usio na mvurugiko wa hisi, DSM inawapa madaktari F14.129, F14.229 au F14.929. Kwenye kitafutio misimbo hiyo inasomeka "haikubainishwa", na jirani yake kuna .120, .220 na .920 zinazosomeka "bila matatizo". Mweka misimbo anayesoma jina atachukua sufuri, daktari anayesoma kitabu chake atachukua tisa. Hospitali isiyoweka utaratibu itajikuta na takwimu mbili za ugonjwa mmoja. Kwa mvurugiko wa hisi hakuna ugomvi huo: vitabu vyote viwili vinasema .122, .222, .922.

Ulevi si sumu

Kitafutio kina jedwali la dawa, na kokeini humo inakwenda T40.5X. Baada ya X inakuja tarakimu ya dhamira: 1 kwa bahati mbaya, 2 kujidhuru kwa makusudi, 3 kushambuliwa, 4 haijulikani. Kisha herufi ya saba, ambayo wanaoanza huisahau: A kwa matibabu yanayoendelea ya tukio, D kwa ufuatiliaji, S kwa athari iliyobaki. T40.5X1 bila A ni msimbo pungufu na utarudishwa.

T40.5X inafaa pale daktari anapoandika kuzidisha kipimo au sumu. Ukiuandika, unatangulia, kisha zinafuata hali zilizotokana nao, kama vile kusambaratika kwa tishu za misuli, M62.82, au shambulio la moyo, I21. Ulevi wenye mvurugiko wa hisi bila neno la sumu haugeuzwi kuwa T40.5X kwa sababu tu mapigo ya moyo yalipanda. Chini ya F14.2 kitafutio kinaonyesha T40.5 kama Excludes2, maana yake utegemezi na sumu vinaweza kukaa kwenye jalada moja vikiwa vimeandikwa vyote. Ni vizuri kwamba alama hizi zinaonekana palepale kwenye orodha. Kwenye programu kadhaa za kulipia zimefichwa nyuma ya kitufe.

Siku hizi kokeini nyingi ya Marekani inakutwa na fentanili. Mgonjwa aliyezimia kwa mchanganyiko huo anahitaji msimbo wa fentanili pia, T40.411A ikiwa ni bahati mbaya, na msimbo huo upo tangu Oktoba 2020 tu. Kwa rekodi za kabla ya hapo chagua mwaka wa zamani kwenye kitafutio, utaona haupo. Na mtu aliyetumia pombe na kokeini apewe F10 na F14 kila moja kivyake. F19 ni ya dutu nyingine na mchanganyiko usioweza kutenganishwa, si kapu la kutupia kila mgonjwa aliyechanganya.

Maruweruwe yenyewe, R44.0 ya kusikia au R44.1 ya kuona, hayaongezwi juu ya F14.122. Yamo ndani ya msimbo tayari. Kifua kinachouma kwa sababu ambayo daktari ameitaja na kuitibu kivyake ni jambo lingine.

Mwaka, fomu na nukta

Uwezo wa kuchagua mwaka ndiyo sifa tunayoipenda kuliko zote. Misimbo mipya huanza tarehe 1 Oktoba, na tangu mwaka 2022 kuna masahihisho ya tarehe 1 Aprili pia. Mgonjwa wa nje anafuata tarehe ya huduma, aliyelazwa anafuata tarehe ya kuruhusiwa. Aliyelazwa tarehe 28 Septemba na kuruhusiwa tarehe 2 Oktoba anatumia kitabu kipya. Familia ya F14 imeguswa mara kadhaa: F14.11 ilikuja Oktoba 2017, F14.13 na F14.93 Oktoba 2020, F14.91 Oktoba 2022. Mitatu yetu haikubadilika.

Kitafutio kinaonyesha nukta. Kwenye dai la bima nukta haiandikwi: F14122. Kwenye fomu ya CMS-1500 msimbo unaingia kisanduku cha 21, ambacho kina nafasi 12 kuanzia A hadi L, na kiashiria cha toleo kinakuwa 0. Kila huduma kwenye safu ya 24E inaelekezwa kwenye herufi yake. Kwa waliolazwa, fomu ya UB-04 inaanzia sehemu ya 67, na kila msimbo una alama ya kama hali ilikuwepo siku ya kulazwa. Ulevi uliomleta mgonjwa hospitalini ni Y. Utambuzi mkuu ukiwa ni ulevi huu, kesi inaingia kundi la malipo la 894 hadi 897: 894 kwa aliyeondoka kinyume cha ushauri wa daktari, 895 kwa aliyepata tiba ya kurekebisha uraibu, 896 kwa asiyeipata ila ana tatizo kubwa la ziada, 897 kwa asiye na tatizo hilo. Haya yote hayamo kwenye kitafutio. Mwongozo rasmi nao ni faili lake la PDF. Lipakue uliweke mezani, bila hilo kitafutio ni nusu ya chombo.

Jambo la usiri: rekodi za tiba ya uraibu Marekani zina ulinzi wa ziada chini ya sheria iitwayo 42 CFR Part 2. Usibandike sentensi ya jalada kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yoyote. Andika msimbo au neno la kitabu tu.

Kwa anayetumia kitabu cha WHO

Nje ya Marekani, ICD-10 ya WHO ina F14 yenye tarakimu zile zile na maana tofauti. F14.0 ni ulevi wa ghafla. Marekani haina F14.0 kabisa. F14.1 ni matumizi yenye madhara. F14.2 ni utegemezi, hiyo inalingana. F14.5 ni saikosisi. F14.9 ya WHO ni ugonjwa wa akili usiobainishwa uliotokana na kokeini, si "matumizi yasiyobainishwa". Mganga wa Dar es Salaam au Mombasa akitafuta intaneti, akanakili F14.122 kutoka tovuti ya Marekani na kuiweka kwenye mfumo wa taarifa unaosoma tarakimu nne, mfumo utaikata ibaki F14.1, na mgonjwa aliyeletwa akiwa amelewa anahesabiwa kwenye matumizi yenye madhara. Takwimu inaharibika kimyakimya bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini.

Msimbo sahihi kwake ni F14.0. Maelezo ya kitabibu ya afya ya akili ya WHO ya mwaka 1992 yana tarakimu ya tano kwa anayetaka undani: .00 bila matatizo, .01 na jeraha, .02 na tatizo lingine la mwili, .03 na deliriamu, .04 na upotofu wa hisi, .05 na kuzimia, .06 na degedege. Kwa hiyo F14.04 ndiyo ndugu wa kweli wa misimbo yetu mitatu.

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, imelitatua jambo kwa kuliondoa. Kokeini ni 6C45, ulevi wake ni 6C45.3, na hakuna tawi la mvurugiko wa hisi. Maelezo ya ulevi yenyewe yanataja maruweruwe ya kusikia na mawazo ya kushuku watu kuwa ni sehemu ya picha. Ukali unaongezwa kwa kiambatisho: 6C45.3&XS5W ukiwa mdogo, &XS0T wa wastani, &XS25 mkali. Deliriamu ina 6C45.5 na saikosisi 6C45.6, ambayo inatumika pale dalili zinapozidi ulevi wa kawaida kwa ukali au kwa muda. Kitafutio cha WHO, icd.who.int, kinapendekeza majibu unapoandika, kinaonyesha maelezo ya ugonjwa palepale, na kinaweza kusimikwa kwenye kompyuta ya hospitali isiyo na intaneti ya kuaminika. Kwa upande wa vigezo kinakipita cha CDC kwa mbali. Kwa upande wa undani wa mvurugiko wa hisi, cha CDC kinabaki na kitu ambacho ICD-11 imekiacha.

Anayehamisha rekodi za zamani kwenda ICD-11 ajue kwamba F14.122, F14.222 na F14.922 zote zinaangukia 6C45.3, na hapo habari ya utegemezi inapotea. Irudishe kwa kuandika msimbo wa pili: 6C45.2 kwa utegemezi, 6C45.1 kwa mwenendo wa matumizi yenye madhara, au 6C45.0 kwa tukio moja lililoleta madhara.